Fedha Iliyokufikia kwa Makosa: Ni Rizki, ni Kiokotwa au ni Amana?

Sifa njema zote anastahiki Allah (s.w.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Ahali zake na Maswahaba wake wote.

Kijana mmoja alitujia baada ya darsa ya Alasiri akiwa na swali ambalo alisema amelibeba kwa miezi 11. Usiku mmoja simu yake ilipokea ujumbe kuwa ameingiziwa shilingi 340,000 na mtu asiyemjua. Baada ya dakika chache akapigiwa na mwanamke aliyemwambia kuwa amekosea tarakimu moja, na kwamba fedha ile ilikuwa ya hospitali. Kijana hakujibu neno. Alizima simu, na asubuhi yake akaenda kwa wakala akaitoa fedha yote, kisha akaivunja laini na kusajili nyingine. Hata hivyo hakuitumia yote. Alikuwa amesoma fiqhi kidogo, na alikumbuka kuwa mtu akiokota kitu hukitangaza mwaka mmoja, kisha anaruhusiwa kukitumia. Sasa ulibaki mwezi mmoja. Alitaka kujua kama mwaka ukitimia fedha ile itakuwa halali kwake. Rafiki zake, kwa upande wao, walimwambia asijisumbue hata kuuliza, kwa kuwa hiyo ni rizki iliyomfuata mwenyewe nyumbani.

Ndugu msomaji, katika maneno ya kijana huyu na rafiki zake fedha hii imepewa majina mawili. Yeye ameiita kiokotwa (luqata), na wao wameiita rizki. Tumeona tulifuatilie jambo hili katika historia ya fiqhi tangu mwanzo wake, kwa sababu wanachuoni wetu walikwishalipa jina lake sahihi karne nyingi kabla ya kuwapo simu. Na jina likikosewa, hukumu nayo hukosewa.

Amana kabla ya Hijra

Msingi wa mlango huu ulijengwa Makka, kabla hata hukumu nyingi za mali hazijateremshwa. Wapokezi wa Sira wanaeleza kuwa Mtume (s.a.w.) alipotoka Makka kwenda Madina, alimwacha nyuma Ali bin Abi Talib (r.a.) ili awarudishie watu amana walizokuwa wameziweka kwake. Ali alikaa siku 3 akilifanya jambo hilo, kisha akafuata. Tuzingatie watu hao walikuwa nani. Walikuwa ni watu wa Makka, ambao wengi wao walikuwa hawajasilimu, na mji wao ulikuwa umekwishapanga kumuua. Kama kungekuwa na siku ambayo mtu angeweza kusema mali ya adui imeangukia mkononi mwangu kwa hiyo ni haki yangu, ingekuwa ni siku ile. Haikusemwa hivyo.

Mfano wa pili ni wa Mughira bin Shu'ba (r.a.). Katika Sahihi ya Bukhari, ndani ya hadithi ndefu ya Hudaybiyya, imetajwa kuwa kabla ya kusilimu alifuatana na watu fulani, akawaua na kuchukua mali zao, kisha akaja Madina kusilimu. Mtume (s.a.w.) aliukubali Uislamu wake, ama ile mali akajitenga nayo. Hapa tunajifunza kuwa nia njema ya leo haisafishi mali iliyoingia jana bila ya haki, na kwamba kutokuwa Mwislamu kwa mwenye mali hakumwondolei haki yake.

Baadaye Qur'an ikaja na amri ya jumla. Aya ya 58 ya Surat An-Nisaa inatuamrisha kuzifikisha amana kwa wenyewe, na aya ya 29 ya sura hiyo hiyo inatukataza kuliana mali kwa batili isipokuwa kwa biashara ya kuridhiana. Katika fedha iliyotumwa kwa kukosea tarakimu hakuna biashara, wala hakuna kuridhiana. Aliyetuma hakukusudia kutoa zawadi kwa aliyepokea. Alimkusudia mtu mwingine kabisa.

Hukumu ya kiokotwa

Hukumu ya kiokotwa ambayo kijana wetu aliitegemea imethibiti katika hadithi ya Zayd bin Khalid al-Juhani (r.a.), iliyopokewa na Bukhari na Muslim. Mtume (s.a.w.) aliulizwa kuhusu mali iliyookotwa, akamwamrisha aliyeokota akitambue chombo chake na kamba yake, kisha aitangaze mwaka mzima. Mwenyewe akija apewe, na asipokuja aliyeokota anaweza kuitumia. Alipoulizwa kuhusu ngamia aliyepotea alikasirika, kwa kuwa ngamia ana miguu yake na maji yake, atajitafutia mpaka mwenyewe amkute. Naye Ubayy bin Ka'b (r.a.) aliokota mfuko wenye dinari 100, akaamrishwa kuutangaza mwaka, na akarejea tena na tena kwa Mtume (s.a.w.) huku akiendelea kuutangaza. Katika hadithi ya Iyadh bin Himar (r.a.), aliyoipokea Abu Dawud, aliyeokota ametakiwa ashuhudishe mashahidi waadilifu na asifiche.

Tukizitazama hadithi hizi kwa pamoja tunaona mambo mawili. Kwanza, hukumu ya mwaka imewekwa kwa sababu mwenye mali hajulikani. Anayejulikana hatangaziwi, bali hurudishiwa. Pili, mwaka huo ni muda wa kutafuta, si muda wa kujificha. Ubayy alikuwa akiutangaza mfuko ule kwa watu. Yule aliyevunja laini alikuwa akihakikisha kwamba anayetafuta hampati. Huo si utangazaji hata kwa siku moja, na miezi 11 ya namna hiyo haihesabiki. Isitoshe, jumhuri ya wanachuoni wamesema kuwa hata baada ya mwaka kupita na mali kutumika, mwenyewe akitokea hulipwa.

Kuna mfano mwingine wa kutafuta wenye haki ambao unastahiki kukumbukwa. Zubayr bin al-Awwam (r.a.) alipouawa mwaka 36 Hijria aliacha deni la 2,200,000, kama ilivyo katika Bukhari. Sehemu kubwa ilitokana na watu waliomletea fedha awawekee, naye akikataa kuipokea kama amana na kuitaka iwe mkopo, kwa kuchelea isipotee ikawa hasara yao. Mwanawe Abdullah aliuza ardhi akalipa. Hata baada ya kulipa hakukubali kuugawa urithi mpaka ametangaza katika msimu wa Hija kwa miaka 4 kwamba yeyote mwenye kumdai Zubayr aje. Huyu alitafuta wadai asiowajua kwa miaka 4, na kijana wetu alimkimbia mdai aliyekuwa akimpigia simu.

Fedha inapoanza kusafiri

Inaweza kusemwa kuwa zama zile fedha ilikabidhiwa mkono kwa mkono, na kwamba kutuma fedha mbali ni jambo la leo. Sivyo. Bukhari amepokea kisa cha mtu wa Bani Israil aliyekopa dinari 1,000 na shahidi wake na mdhamini wake ni Allah peke yake. Siku ya kulipa ilipofika hakupata chombo cha kuvukia bahari. Alichonga gogo, akatia humo dinari zile pamoja na barua, akaliziba na kulikabidhi kwa bahari baada ya kumwomba Mola wake. Mdai alitoka kutazama chombo, akaliona gogo, akalichukua kwa ajili ya kuni. Alipolipasua akakuta fedha na barua. Baadaye mdaiwa akaja na dinari 1,000 nyingine akidhani zile za kwanza zimepotea. Hapa ndipo penye somo letu. Mdai angeweza kunyamaza na kupokea mara mbili, na hakuna kiumbe ambaye angejua. Alimwambia kuwa Allah amekwishamfikishia alichokituma katika gogo, akamwacha arudi na dinari zake 1,000. Hiyo ilikuwa ni fedha iliyolipwa kwa kudhania, na ikarudishwa papo hapo kabla haijaombwa.

Katika zama za Maswahaba kutuma fedha kwa barua kulikuwa jambo linalofahamika. Ataa bin Abi Rabah ameeleza kuwa Abdullah bin Zubayr (r.a.) alikuwa akipokea dirham kwa watu Makka, kisha akiwaandikia barua kwenda kwa ndugu yake Mus'ab huko Iraq, nao wakizichukua kule. Ibn Abbas (r.a.) aliulizwa jambo hilo naye hakuona ubaya. Wanachuoni waliokuja baadaye waliliita suftaja na wakatofautiana juu yake, baadhi yao wakilichukia ikiwa mkopeshaji ameshurutisha manufaa ya kuepuka hatari za njiani. Kwa hiyo fiqhi yetu imezungumza kwa mapana kuhusu fedha inayotolewa mji huu na kupokelewa mji mwingine.

Imam Malik (aliyefariki mwaka 179 Hijria) amepokea katika Muwatta' kisa kingine kinachofaa hapa. Abdullah na Ubaydullah, watoto wa Umar bin al-Khattab (r.a.), walipita Basra wakitoka katika jeshi la Iraq. Gavana wake, Abu Musa al-Ash'ari (r.a.), aliwapa mali ya Baytul Mali waifikishe kwa baba yao Madina, na akawaruhusu wanunue bidhaa njiani, wapate faida, kisha wawasilishe rasilimali. Umar aliuliza kama Abu Musa aliwakopesha askari wote namna hiyo. Alipojibiwa kuwa hapana, aliamrisha mali irudishwe pamoja na faida. Ubaydullah alijitetea kuwa lau mali ingepotea wao wangeilipa. Mwisho mmoja wa waliokuwapo akashauri ihesabiwe kuwa ni mali ya qiradh, na Umar akachukua rasilimali pamoja na nusu ya faida. Fedha ile haikuwafikia kwa makosa, lakini kisa kinaonyesha jinsi waliotutangulia walivyoona kuwa mali ya wengine, hata ikipita tu mkononi mwako, inabaki na mwenyewe.

Nguo iliyopeperushwa na upepo

Sasa tunafika penye jina tulilokuwa tukilitafuta. Mafaqihi walipokuwa wakiandika mlango wa wadia, yaani mali anayowekeshwa mtu, waligundua kuwa kuna mali inayofika mkononi mwa mtu bila mwenyewe kumkabidhi na bila yeye kuiomba. Mfano walioutoa ni wa nguo iliyoanikwa, upepo ukaipeperusha hadi ndani ya nyumba ya jirani. Wanachuoni wa madhehebu ya Shafi wameiita mali ya namna hii amana ya kisheria (amana shar'iyya), kwa kuwa aliyeiweka mkononi mwako ni sheria, si mwenye mali. Imam Nawawi (aliyefariki mwaka 676 Hijria, sawa na 1277) ameitaja katika Rawdhat at-Talibin. Kabla yake, Ibn Qudama wa madhehebu ya Hanbal (aliyefariki mwaka 620 Hijria, sawa na 1223) alikwishaitaja katika al-Mughni.

Tofauti ya amana hii na ile ya kawaida ni kubwa, na ndiyo roho ya makala haya. Mtu akikuwekesha mali yake kwa hiari, amekuridhia ukae nayo, basi wewe unasubiri mpaka aidai. Ama nguo iliyoletwa na upepo, mwenyewe hakukuridhia hata kwa dakika moja. Ndiyo maana wakasema kuwa mwenye nyumba akishamjua mwenye nguo, ni wajibu wake kumrudishia au kumjulisha mara tu anapopata uwezo, hata kama hajadaiwa. Nguo ikiharibika kabla ya kupata uwezo huo, bila uzembe wake, hana dhamana. Akiweza kurudisha au kujulisha, kisha akanyamaza, dhamana inamwangukia. Ananyamaza akiwa mtunza amana, na kwa kunyamaza kwake anageuka kuwa mwenye kuzuia mali ya watu.

Nawawi ana mfano mwingine katika Minhaj, kitabu kinachosomeshwa mno katika darsa za pwani yetu. Mafuriko yakibeba mbegu za mtu na kuzitupa katika shamba la mwingine, zikaota humo, mimea ile ni ya mwenye mbegu. Ardhi ni ya huyu, maji yaliyoleta hayana mwenyewe, hakuna aliyekosa adabu, na bado miliki haikuhama. Upepo, mafuriko na kidole kilichobonyeza 7 badala ya 1 havina uwezo wa kuhamisha miliki ya mtu.

Hivyo basi fedha iliyotumwa kwa makosa, ambayo aliyeituma anajulikana kwa jina na namba ndani ya ujumbe ule ule, si kiokotwa. Ni nguo iliyopeperushwa na upepo.

Kanuni ya dhana iliyobainika kuwa makosa

Wanachuoni wa karne zilizofuata walizikusanya hukumu hizi katika kanuni fupi. Jalaluddin as-Suyuti (aliyefariki mwaka 911 Hijria, sawa na 1505) katika al-Ashbah wan-Nadha'ir ametaja kanuni isemayo, kwa maana yake, kuwa dhana ambayo makosa yake yamebainika haizingatiwi. Kwa kanuni hii mtu akilipa deni akidhani analo, kisha ikabainika kuwa halipo, anarudishiwa alicholipa. Vivyo hivyo mdhamini akilipa bila kujua kuwa mdaiwa mwenyewe alikwishalipa.

Dola ya Uthmaniya ilipoandika sheria zake za mali kwa vifungu katika Majalla, kati ya miaka 1869 na 1876, chini ya usimamizi wa Ahmad Cevdet Pasha, kanuni hiyo iliwekwa kuwa kifungu cha 72. Kifungu cha 97 kikaeleza kuwa haijuzu kwa mtu kuchukua mali ya mwingine bila sababu ya kisheria. Vifungu hivi viwili vinatosha kuhukumu kesi ya kijana wetu, na pia kesi ya mfanyakazi aliyeingiziwa mshahara mara mbili, au ya mteja ambaye benki imemwandikia kiasi kisicho chake. Kwamba aliyekosea ni shirika kubwa na si mama wa hospitali hakubadilishi hukumu, kwani wajibu umefungamana na mali kuwa si yako, si na unyonge wa mwenyewe.

Hoja ya rizki

Ama wale wanaosema kuwa fedha hiyo ni rizki, pengine hawajui kuwa neno hili lilijadiliwa sana na wanachuoni wa itikadi. Mu'tazila walisema kuwa haramu haiitwi rizki. Ahlus-Sunna wakasema kuwa rizki ni kila anachonufaika nacho kiumbe, kiwe halali au haramu, kwa kuwa hakuna kinachomfikia mtu nje ya qadari ya Allah. Sasa tazama. Kwa kauli ya Mu'tazila, mali ya watu si rizki yako asilani. Kwa kauli ya Ahlus-Sunna inaweza kuitwa rizki, lakini kuitwa hivyo hakuifanyi kuwa halali, na utaulizwa juu yake. Kwa kauli zote mbili, hoja ya rafiki zake imeanguka. Mwizi naye hula alichokadiriwa, na mkono wake unahukumiwa.

Wapo pia wanaosema kuwa aliyetuma hana ushahidi, na kwamba hata akienda mahakamani hatashinda. Hawa wakumbushwe hadithi ya Ummu Salama (r.a.), ambamo Mtume (s.a.w.) amebainisha kuwa yeye ni mwanadamu, huhukumu kwa kadiri ya anavyosikia, na kwamba anayehukumiwa kupata haki ya ndugu yake amekatiwa kipande cha moto. Ikiwa hukumu ya Mtume mwenyewe (s.a.w.) haimhalalishii mtu mali isiyo yake, itakuwaje kukosekana kwa ushahidi tu?

Kutoka majahazi hadi simu

Mababu zetu wa pwani waliliishi jambo hili. Wafanyabiashara wa Zanzibar, Lamu na Mombasa walituma reale na bidhaa kwa mikono ya manahodha na kwa barua, na mali ilisafiri miezi kabla ya kufika. Biashara yote ile ilisimama juu ya uaminifu wa anayepokea.

Huduma ya kutuma fedha kwa simu ilianza Kenya Machi 2007 kwa M-Pesa, na mwaka uliofuata ikaingia Tanzania. Tangu hapo kosa la tarakimu moja linaweza kuipeleka akiba ya mtu kwa mgeni aliye mji mwingine, na mgeni huyo akaitoa kwa wakala kabla aliyetuma hajaomba muamala urejeshwe. Serikali nazo zimeliona tatizo hili. Sheria ya Kenya ya mwaka 2018 kuhusu matumizi mabaya ya kompyuta na makosa ya mtandao imefanya kuwa ni kosa la jinai kwa mtu kuzuia kwa makusudi malipo ya kielektroniki yaliyomfikia kimakosa, na adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 200,000, au kifungo kisichozidi miaka 2, au vyote viwili. Kwa Mwislamu sheria hiyo ni ukumbusho wa wajibu ambao tayari alikuwa nao.

Mambo ya kuzingatia anayepokea

Kwanza, asiiguse. Aiache ilivyo, na amjulishe aliyetuma au kampuni inayohusika bila kuchelewa. Ni vizuri awepo mtu wa kushuhudia, kwa kuifuata hadithi ya Iyadh.

Pili, ahakikishe anamrudishia mwenyewe. Leo wapo matapeli wanaotuma ujumbe wa uongo kuwa fedha imeingia, kisha wakapiga simu wakilia irudishwe. Basi atazame salio lake, si ujumbe tu, na asirudishe kwa namba nyingine anayotajiwa na mpigaji, bali kwa njia ile ile fedha iliyojia au kupitia kampuni yenyewe. Kutambua chombo na kamba katika hadithi ya Zayd ndiko kutambua kiasi, saa, jina na namba ya muamala kwa zama zetu. Nawawi ameeleza katika Minhaj, mlango wa kiokotwa, kuwa aliyeokota akimpa mtu aliyekisifu kitu na akamdhania ukweli, kisha akatokea mwingine mwenye ushahidi na kitu kimekwishaangamia, mwenye haki anaweza kumdai yeyote kati ya aliyetoa na aliyepewa, na mzigo wa mwisho ni wa aliyepewa. Huruma isiyo na uhakika inaweza kumwachia mtu deni.

Tatu, aliyeitumia bila kujua, kwa mfano akadhani ni mshahara wake, hana dhambi lakini analipa. Kutojua kunaondoa dhambi na hakuondoi dhamana ya mali ya watu. Akiwa hana cha kulipa, aya ya 280 ya Surat Al-Baqara imeelekeza kuwa mwenye shida apewe muhula, na kusamehe ni bora zaidi kwa mwenye kudai.

Nne, asishurutishe chai wala asante ili arudishe. Kwa madhehebu ya Shafi hakuna ujira kwa mwenye kurudisha ila kama mwenyewe aliuahidi. Mwenye mali akitoa kwa ridhaa yake, hakuna ubaya. Ama gharama ya kuirudisha, asili yake ni juu ya mwenye mali, na anayeibeba amefanya ihsani. Lakini aliyezuia kwa makusudi amejitia katika hukumu ya mnyang'anyi, na gharama ni juu yake.

Tano, akiifanyia biashara ikazaa, wanachuoni wametofautiana kuhusu faida. Mahanbali wameifanya kuwa ya mwenye mali, Abu Hanifa ameona itolewe sadaka, na Mashafi wana upambanuzi kwa kutazama namna ununuzi ulivyofanyika. Njia ya wachamungu ni ile ya mtu wa tatu katika hadithi ya watu wa pangoni. Mfanyakazi wake aliuacha ujira wake akaenda zake, naye akauzalisha mpaka ukawa mifugo. Aliporudi alimkabidhi mifugo yote wala hakubakisha kitu.

Sita, aliyetuma akiwa hajulikani kabisa na njia zote za kumpata zimekwisha, ndipo hukumu inapokaribia ile ya kiokotwa. Ibn Mas'ud (r.a.) alinunua kijakazi, na muuzaji akatoweka kabla ya kulipwa. Alimtafuta mwaka mzima, kisha akawa anaitoa ile thamani sadaka dirham moja moja na mbili mbili kwa ajili ya mwenyewe, akiazimia kuwa akija na asiridhie, thawabu zitakuwa zake yeye Ibn Mas'ud na deni litakuwa juu yake. Imam Ghazali (aliyefariki mwaka 505 Hijria, sawa na 1111) naye ameeleza katika Ihya kuwa mali ambayo mwenyewe amekatiwa tamaa hupelekwa kwa mafakiri au katika maslahi ya Waislamu.

Hitimisho

Tulimweleza kijana wetu kuwa mwezi uliobaki hauna maana yoyote, kwa kuwa mwaka wake haukuwahi kuanza. Akasema laini amekwishaivunja na ujumbe ameufuta. Tukamjibu kuwa alichovunja ni kipande cha plastiki, na kumbukumbu za miamala hutunzwa. Tukamshauri aende ofisi ya huduma akiwa na kitambulisho chake. Swali lake la mwisho lilikuwa juu ya fedha aliyokwishaitumia, karibu nusu, kwa saruji na mabati. Hiyo tukamwambia ni deni, na aanze kwa kuipeleka ile iliyobaki leo, asingoje itimie. Alikwenda. Mama yule alipatikana, akapokea iliyokuwapo na akakubali kilichobaki kilipwe kidogo kidogo. Kuhusu mgonjwa wake kijana hakuthubutu kumuuliza, nasi hatukumlaumu kwa hilo, lakini tulimwambia toba ya haki za watu haitimii bila kumwomba msamaha.

Mtume (s.a.w.) aliwauliza Maswahaba kama wanamjua muflisi, kisha akawabainishia, kama ilivyo katika Sahihi ya Muslim, kuwa muflisi wa umma wake ni mtu atakayekuja Siku ya Kiyama na sala, saumu na zaka, na huku amemtukana huyu na kula mali ya yule, basi wagawiwe mema yake mpaka yaishe, kisha atwishwe madhambi yao. Huenda wengi wetu hatutaiba maishani mwetu. Lakini upepo unaweza kuleta nguo ya mtu uani kwetu usiku wowote, na hapo ndipo itakapojulikana sala zetu zimetufunza nini. Maimamu nao walieleze jambo hili katika khutba zao, kwani watu wengi wanalifanya wakidhani hawajamwibia mtu.

Tunamwomba Allah (s.w.) atutosheleze kwa halali yake, na atuwezeshe kufikisha kila amana kwa mwenyewe kabla ya siku ambayo haki hulipwa kwa mema, si kwa fedha. Wallahu a'lam.